Saba ya Boksi

Nyie vijana mlionifanyia sherehe ya kuniaga mliniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kazi. Najua mlitaka nieleze nilianza na cheo gani na nikamaliza na cheo gani. Hayo yako kwenye faili langu, na atakayeyasoma atasinzia kabla hajageuza ukurasa. Mimi nawaandikia kuhusu karata. Najua mlishasikia tetesi, na tetesi zenyewe ni za kweli: kwenye zahanati yetu likizo ya Desemba ilikuwa inaamuliwa kwa mchezo wa karata, mganga mfawidhi mwenyewe ndiye aliyeuleta, na mimi, muuguzi mkunga mwenye mtandio kichwani na leseni kabatini, nilikuwa mchezaji wa kuogopwa.

Kabla hamjanihukumu, hatukucheza kwa hela. Tulicheza kwa maharage mabichi. Tulianza na mahindi, kuku wakawa wanapanda mezani na kula katikati ya mchezo, na haikuwezekana kumdai kuku. Mwinjilisti wa jirani alikuja siku moja kutuchunguza. Alikaa, akatazama yale maharage kwa muda mrefu, akasema dhambi haioni ila kitoweo anakiona. Akaondoka na kikombe kimoja.

Lakini nianze mwanzo. Nilianzia kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu. Nilitoka kwetu Lushoto nikijigamba kwamba baridi naijua, na asubuhi ya kwanza nilishindwa kufunga vifungo vya gauni la kazi kwa jinsi vidole vilivyokufa ganzi. Mkunga aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, mfupi, asiyecheka. Alinijibu shikamoo yangu, kisha akaniambia, "Mgonjwa usimsikilize mdomo. Mdomo una adabu. Angalia mikono." Sikumwelewa. Siku hiyohiyo akaja mama mmoja ametembea kutoka mbali, akaketi kwenye benchi, akaanza kunisalimia. Habari za kazi. Nzuri. Habari za kwenu. Salama. Wazazi hawajambo? Hawajambo. Mimi najibu tu, nimefurahi kupata mtu wa kuongea naye. Mkunga akapita, akauona mkono wa yule mama ulivyokaba ukingo wa benchi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, vaa glovu." Mtoto alizaliwa kabla hatujafika kwenye habari za mifugo. Mama alipopata pumzi akauliza, "Na ng'ombe je?" Nikamwambia kwetu tuna mbuzi tu.

Baadaye nikahamishiwa Hanang, kwenye zahanati moja ndogo kupita Nangwa, ukielekea upande wa Hirbadaw. Jina lake naliacha. Mlima uko mgongoni, upepo uko usoni, na mtandao wa simu uko juu ya kichuguu nyuma ya choo. Mganga mfawidhi alikuwa Dokta Mwakalinga, mtu wa Tukuyu, mnene wa mwili na wa sauti. Mhudumu alikuwa Mama Paskalina, Mwiraki, mzaliwa wa palepale, nyumba yake na zahanati vinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Dokta alinionyesha friji la chanjo, akanionyesha chumba cha kujifungulia, kisha akafungua droo ya meza yake na kunionyesha pakiti ya karata kwa heshima ileile.

Nieleze hiyo pakiti, maana kila fundi anaeleza vifaa vyake. Karata zilikuwa zimelainika kama vitambaa. Saba ya pau ilishapotea zamani, na mahali pake Dokta alikata kipande cha boksi la dawa ya malaria, akaandika saba kwa kalamu, akachora na yale maua ya pau, akayachora vibaya. Kwa mbele ilikuwa karata. Kwa nyuma ilikuwa maelekezo ya kumeza vidonge baada ya chakula. Kwa hiyo aliyegawiwa saba ya pau, meza nzima ilijua. Nikauliza kwa nini hatununui pakiti nyingine Katesh. Dokta akanitazama kana kwamba nimependekeza tuuze friji. "Sista," akasema, "watu wameshaizoea."

Sasa, likizo. Kila mtumishi anayo haki yake, hilo halina ubishi. Lakini zahanati haifungwi, na mwisho wa mwaka shule zimefungwa, kila ukoo una harusi, na watumishi wote waliotoka mbali wanataka kwenda kwao kwa wakati mmoja. Anaweza kwenda mmoja tu. Zamani walikuwa wanaamua kwa huruma, yaani mwenye shida kubwa ndiye anaenda. Mwaka wa mwisho wa huruma, mtumishi mmoja alilia machozi ya kweli kwamba bibi yake yu mahututi. Akapewa. Haikupita wiki picha zikaingia kwenye simu: yuko harusini, amevaa suti ya zambarau, na bibi mahututi anacheza mbele ya spika. Dokta akapiga marufuku huruma. "Kuanzia sasa hakuna sababu na hakuna machozi. Likizo haiombwi na haigawiwi. Ni karata tu." Mchezo wenyewe alijifunza kwenye simu yake, akiwa amesimama juu ya kichuguu. Simu iliuita jina refu la Kiingereza, sisi tukauita Teksas.

Kwa msiojua: kila mchezaji anagawiwa karata mbili na anazichungulia peke yake. Baadaye zitafunuliwa tatu mezani za watu wote, kisha ya nne, kisha ya tano, na mwenye mkono bora anabeba maharage. Lakini kazi yote iko pale mwanzo, una mbili tu na mezani hakuna kitu. Uingie au utupe? Wawili wanaokaa kushoto kwa mgawaji wanakuwa wameshatoa mchango wa lazima hata kabla ya kuona karata zao, kama michango yote ya kijijini. Waliobaki wanachagua. Na hapo ndipo wengi wanapoangamia, maana mtu akiona kingi moja mkononi anajiona ameshafika kwao.

Mimi niliushika mchezo haraka kwa sababu ilikuwa kazi yangu ileile. Mgonjwa akiingia mlangoni una karata mbili tu: unavyomwona na unavyomgusa. Majibu ya maabara ni zile za mezani, yanakuja baadaye, na miaka ile maabara yenyewe hatukuwa nayo. Ukingoja uone zote tano ndipo uamue kumpeleka Katesh, gari litakuta watu wameshakaa msibani. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Saba na mbili, tupa, hata kama jana mtu alishinda nazo mbele ya macho yako. Esi mbili, zile zenye A, ambazo hakuna pea kubwa kuliko hizo, pandisha dau na usicheke. Zile za katikati, angalia kwanza umekaa wapi. Ukiwa wa mwisho kuongea una bahati, umeshawasikia wenzako wote wakijieleza bila kujua kwamba wanajieleza.

Halafu kulikuwa na sheria ambayo simu ya Dokta haikuwa nayo. Kijana mmoja wa kujitolea alimpandishia Mama Paskalina dau kavukavu. Paskalina akaweka karata chini. "Huyu mtoto ananipandishia bila hata shikamoo?" Mchezo ukasimama mpaka tukatunga sheria: mdogo akitaka kumpandishia mkubwa, aamkie kwanza. Mkubwa akiitikia marahaba, amekubali, anaweka maharage sawasawa na ya mwenzake. Kama hataki, atupe karata kwanza ndipo aitikie. Kukaa kimya hakuna, maana shikamoo isiyojibiwa ni kesi ya ukoo. Siku moja mgonjwa wa jino aliingia katikati ya mchezo, "Shikamooni!" Paskalina akaitikia kwa mazoea, na Dokta akashikilia kwamba ameshakubali, aweke kikombe kizima. Tulibishana hadi mgonjwa mwenyewe akatuamulia, kwa ishara, shavu likiwa limevimba hivi. Na Dokta alinizidi miaka michache tu, kwa hiyo kila nilipompandishia nilimwamkia kwa sauti ndefu na ya upole, "Shikamooo Dokta," nikaona uso wake unavyokunjamana. Nilishinda maharage mengi kwa njia hiyo.

Mnaniuliza nilikuwa nawasomaje. Nilimfuata yule mkunga wa Daudi, niliacha midomo. Dokta akiwa na karata mbovu alisimulia habari za mchele wa Kyela. Akiwa na nzuri, alisafisha koo na kuuliza friji la chanjo lina nyuzi ngapi. Sijui kwa nini. Nadhani moyo ukimwenda mbio alitafuta kitu kimoja cha baridi cha kushika. Alikuwa hajui kabisa kwamba anafanya hivyo, na sisi hatukumwambia, ila kumbukumbu za joto la friji letu zilikuwa nzuri kuliko za zahanati yoyote. Mama Paskalina yeye hakusomeka, kwa sababu hakutupa karata hata siku moja. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nazo. "Nimepewa halafu nitupe? Mimi nimelelewa." Ukimwambia mkono wake ni mbovu anakujibu kwamba hata zawadi mbovu ni zawadi.

Basi mwaka mmoja Paskalina huyohuyo akashinda. Alipata kila alichohitaji mezani, Dokta akashika kichwa, na mtu ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ua akapata likizo ya kwenda kwao. Tukamwambia Mama, wewe kwenu ni hapo. Akasema ndiyo, na ndiko anakokwenda. Siku ya kwanza ya likizo alifunga begi, akatuaga mmoja mmoja, akatembea hadi mlangoni kwake, akaketi kwenye kigoda na kututazama. Tukifanya kosa, anacheka. Nikimwuliza kwa sauti, "Mama Paskalina, pamba iko wapi?" anajibu kupitia minyaa, "Mimi nimesafiri." Siku nyingine akaja amevaa vizuri, akakaa foleni na wagonjwa, akalalamika kwamba huduma imezorota tangu mhudumu aende likizo. Alipomaliza mapumziko akatuletea zawadi za safari: kuku mmoja na kibuyu cha maziwa ya mgando, vyote tulivyokuwa tunaviona kila siku uani kwake.

Issa alikuja maabara ilipofunguliwa, kuwa mtaalamu wake. Kijana mwembamba wa Ujiji, mpole, mwenye kujivuna kimyakimya. Mkewe alijifungua mtoto wa kike mwezi uleule alioripoti kazini, na kutoka Hanang hadi Ujiji si mahali pa kwenda Ijumaa ukarudi Jumatatu. Kwa hiyo baba na mtoto walijuana kwa simu. Kila jioni Issa alipanda kichuguu, akaishika simu mbele ya uso wake, akaimba, akatoa ulimi. Mtoto akaanza kusema. Neno la kwanza likawa "baba", na sote tulishangilia hadi mkewe alipofafanua: mtoto anaiambia simu. Akiona simu yoyote, ya jirani, ya fundi cherehani, ananyoosha mikono, "Baba!" Akionyeshwa picha ya Issa ukutani, hana habari nayo.

Desemba ya kwanza Dokta alishinda, akaenda Tukuyu, hatukufikiri sana. Ilipokaribia ya pili nilimwambia Issa, "Mwanangu, nenda tu. Mimi nitazungumza na wenzangu." Akanyooka. "Hapana Mama. Sheria ni karata. Mke wangu akiniuliza nimepataje likizo, nimwambie nimeonewa huruma? Nikienda, niende kwa karata zangu." Nilimwona mjinga, na nilimpenda kwa ujinga huo. Basi nikaamua kumfundisha. Kila tulipopata nafasi nilimwambia, tupa. Hiyo tupa. Kingi na nne, tupa. Usiingie na kila takataka kama Mama Paskalina, subiri mkono wako. Akashika somo lote. Tatizo moja sikumweleza, nalo ni shikamoo yake. Akiwa na karata mbovu aliamkia harakaharaka, "Shikamoo Mama," kama mtu anayekimbilia basi. Akiwa na nzuri aliinama, akashusha sauti, "Shikamoo Mama yangu," adabu imemjaa hadi machoni, kwa sababu alikuwa anaona aibu kwa kitu anachokwenda kunifanyia. Kwa hiyo hakuwa na siri yoyote.

Siku yenyewe tulikaa mchana baada ya kliniki ya watoto. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mchezo unaisha ng'ombe wa Paskalina wanaporudi, maana lazima akawafungulie, na mwenye maharage mengi wakati huo ndiye anayesafiri. Mimi nilikuja na mpango wangu wa siri: nitashindwa kwa Issa, nitashindwa kistadi, na hatajua.

Hamjui ilivyo vigumu kushindwa kwa mtu anayetupa karata! Nilipandisha dau na upuuzi mtupu ili aje anichukulie, akatupa. Nikapandisha tena, akanitazama kwa heshima, akatupa. Nilimfundisha mwenyewe. Mbaya zaidi, Dokta akaingia na habari za mchele wa Kyela, yaani hana kitu, akapandisha kama kichaa, mezani zikaja karata zikampangia tano mfululizo, akashinda rundo zima. Nikamwona amenuna. Mtu ameshinda, amenuna! Mzunguko uliofuata akasafisha koo. "Hivi friji lina nyuzi ngapi?" Nikajiandaa kukimbia. Dokta akazitazama karata zake mara ya pili, akazitupa.

Nilishtuka. Nikageuka kwa Mama Paskalina. Alikuwa ameshika zake kwa mikono miwili, midomo inacheza kama anasali. Kisha akazilaza mezani, zimefunikwa, taratibu, akazisukuma mbali naye. "Nimechoka," akasema. Paskalina! Mwanamke ambaye hajawahi kutupa hata saba na mbili! Hapo nikaelewa kwamba mezani tulikuwa watu watatu tunaogombania kushindwa, kila mmoja kwa siri, na mtu mmoja tu anayetaka kushinda, naye hataki kuingia.

Tulihangaika hivyo mchana wote. Kila Issa alipokuwa kwenye mchango wa lazima tulitupa karata zetu haraka kama zimeshika moto, akakusanya maharage yetu kidogokidogo huku akishangaa. Dokta na Paskalina wakaisha kwanza, na sijawahi kuona watu wanafurahi hivyo kuishiwa. Nikabaki mimi na Issa, marundo yetu karibu sawa, na kengele za ng'ombe zinasikika kutoka bondeni. Mkono wa mwisho. Dokta akagawa.

Issa akapata boksi. Sote tukaisoma: meza baada ya chakula. Mimi nikachungulia zangu. Esi ya shupaza, esi ya kopa. Wanangu, miaka yote ya Teksas nilikuwa nazingoja hizo mbili kwenye mkono wa mwisho, nami nina mama yangu Lushoto, amezeeka, ananiuliza kila Idi kama Hanang hakuna mabasi. Issa akatazama karata zake, akatazama dirishani ng'ombe walipokuwa wanatokeza, akasukuma maharage yote katikati ya meza. "Shikamoo Mama." Harakaharaka. Alikuwa hana kitu. Ana saba ya boksi na takataka, na anajaribu kunitisha.

Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja akaingia na mtoto anachemka homa. Kwa sheria yetu mgonjwa akiingia karata zinafichwa, kwa hiyo Issa alisimama akaziacha zake chini ya kitabu, mimi nikaziweka zangu mfukoni mwa gauni. Yule mama akasema, "Shikamoo Sista." Nikauma ulimi. Nikiitikia tu, Dokta atasema nimekubali dau la Issa. Mama wa watu akanishangaa. Paskalina akamweleza, "Msamehe, ana shikamoo nyingine ya mwenzio hajaijibu." Nikamtikisia kichwa, nikapokea kadi yake.

Yule mama alihitaji kufungua mbeleko, akampa Issa mtoto amshikie. Issa akampokea kama trei ya sampuli. Mikono imenyooka mbele, mbali na mwili, hathubutu kupumua, mtoto analia huku miguu inaning'inia. Wa mwaka na ushee hivi, kama wa kwake. Baba mzima, na hajui mtoto anakaa wapi mwilini! Nilipata hasira, sijui kwa nani, kwa likizo, kwa kichuguu, kwa barabara zote za kutoka hapa hadi Ujiji. Tulimpima mtoto, tukampa dawa, mama akaenda. Ng'ombe walishafika getini, wanalia wafunguliwe, na shikamoo ya Issa bado iko hewani.

Nikarudi mezani, Issa naye akazitoa zake chini ya kitabu. Nikatoa zile esi mbili mfukoni, nikazifunika, nikazisukuma katikati ya pakiti, nikazichanganya kwa mikono yangu hadi zikapotea.

"Marahaba," nikasema. "Nimetupa."

Issa hakugusa maharage. Alinitazama. "Mama, ulikuwa na nini?"

Anayetupa halazimiki kusema. Lakini uso wake ulikuwa na wasiwasi, nikaona akishuku huruma tumekwisha, hataondoka. Nikatafuta haraka mkono mbaya kuliko yote, ule niliomfundisha siku zote.

"Takataka," nikasema. "Nilikuwa na mbili, na saba ya pau."

Dokta alifumba macho. Paskalina aliangalia dari. Saba ya pau ilikuwa mkononi mwa Issa, maelekezo ya vidonge yanatutazama sote, na hakuna nyingine duniani.

Issa akaitazama ile boksi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akaitazama karata yake ya pili. Mimi mikono yangu nikaificha chini ya meza, kwa sababu niliogopa kwamba ameshajifunza kusoma.

"Basi Mama," akasema polepole, "tulikuwa tumefanana."

Akazirudisha zote mbili kwenye pakiti, akaanza kukusanya maharage. Paskalina akatoka kwenda kwa ng'ombe wake akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Aliondoka na basi la asubuhi kutoka Katesh, na aliporudi tulikaa mezani kumsikiliza. Alisema mtoto alipomwona alikimbia. Mama yake akamwambia, huyu ndiye baba. Mtoto akakataa, akanyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Issa. Huyu ndiye. Issa akaizima, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaketi chini kwenye mkeka. Mtoto akakaa mbali, anaulinda mfuko. Akasogea. Akarudi nyuma. Mwisho akapanda magotini, akapanda tumboni, akaingiza mkono mfukoni kumtafuta baba yake.

"Nikamshika hapohapo," Issa akasema.

"Ulimshikaje?" nikamwuliza, kwa ukali kidogo, maana ile trei ilikuwa bado inanikera.

Akachukua furushi la pamba pale mezani, akalikumbatia kwa mikono miwili, likalala kifuani kwake, upande wa kichwa umeegemea kiwiko, vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa.

Dokta alisafisha koo, akauliza friji lina nyuzi ngapi.